Debe la Mfuto

Mei Mosi hii mjukuu kaangalia maandamano kwenye televisheni, akaniuliza: "Babu, na wavunja kokoto nao wana chama?" Nimeikumbuka siku ya debe.

Mwanzoni mwa miaka ya 90, kule uwandani Zanzibar, kwenye ardhi ya mawe. Mzee wetu wa shimo la mawe alikuwa hamali bandarini kwenye mgomo wa 1948, na hakuchoka kutuambia: "Wanangu, sisi tulimjua wa kumgomea. Nyinyi mtamgomea nani?" Kweli, mvunja kokoto hana mwajiri. Anauza kwa debe. Na vyama huru vya wafanyakazi vilishazimwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Baadaye sheria ya Zanzibar ya mahusiano kazini ya 2005 imevipa vyama njia, lakini inaanza na mwajiri na mwajiriwa, na wa shimoni bado hana wa kumwita mwajiri.

Debe lilikuwa la mwenye lori. Lita 20 kwa jina tu; kitako kimegongwa kwa ndani hata kikatokeza, ikabidi liwekwe juu ya mchanga lisiyumbe. Utingo anajaza, analidunda kokoto zilalane, anajaza tena, kisha anasimamisha kilima mpaka ziporomoke. Kilima peke yake ni lita moja na nusu hivi. Ukijumlisha na kitako, kila madebe kumi moja limekwenda bure. Na kokoto hizo za robo tatu ya inchi haziji hivi hivi: jiwe unalibana ndani ya pete ya mpira wa tairi, vidole visipondwe, unalipiga ukingoni. Ukilipiga katikati linasagika, na vumbi halina mnunuzi.

Siku hiyo mzee kaja na debe jipya la mafuta ya kula na kipande cha ubao kilichorandwa. Akajaza bila kudunda, akapitisha ubao mdomoni mwa debe taratibu. Zilizozidi zikamwagika.

"Debe ndilo hili. La mfuto."

Kina mama wakaweka nyundo chini. Utingo akacheka, dereva hakucheka. Lori likaondoka tupu.

Likahamia shimo la jirani, na wiki kadhaa baadaye likarudi. Mfuto likaukubali, ila bei ya debe ikashushwa. Wengine walisema tumeshinda.

Bi mmoja alipiga hesabu kwa vijiwe: tumebaki na shilingi chache juu kwa kila debe. Mzee akataka zichangwe zote za kununulia debe jingine, maana lile jipya utingo alishalikanyaga.