"Nilidhani Unamwita Albert"

Wapendwa ndugu wa shirika letu, tumsifu Yesu Kristo.

Jumamosi iliyopita mvua ilitukuta katika ukumbi wa parokia, hapa Kadutu mjini Bukavu, mimi na watoto wa mafundisho ya ubatizo. Mabati yalikuwa yanapiga kelele mpaka ikanibidi kusoma majina kwa kupaza sauti. Nilipoita Albert, walisimama wawili. Mmoja ni kijana wa miaka 14, mrefu, anajulikana na parokia nzima kwa sababu anapiga ngoma ya kwaya. Wa pili ana miaka 9. Amefika kwetu mwaka huu tu, analelewa na shangazi yake. Huyu mdogo akamtazama mkubwa, akajipangusa kaptula kwa nyuma kama mtu mwenye vumbi, akaketi tena. Hakuna aliyemwambia aketi.

Kumbe niliyekuwa namwita ni yeye. Mkubwa nilikwisha kumwandika tangu mwanzo wa ukurasa. Nikamwambia, "Mwanangu, ni wewe ninayekuita." Akajibu huku macho yako miguuni: "Nilidhani unamwita Albert."

Ndugu zangu, neno hilo halijanitoka kichwani juma zima. Mtoto anaitwa Albert, anasikia "Albert", na moyoni mwake anaamini kwamba Albert ni mtu mwingine.

Kwetu jina halitolewi ovyo, mnajua. Mtoto akipewa jina la babu, mama yake mwenyewe atamwita "baba" na kumnawisha mikono kwa heshima. Wanaosema Lingala huita watu wa jina moja ndoyi, wengine husema wajina, na Kanisa lina neno lake zuri: somo. Basi nikaona Jumatano hii niache kidogo mafundisho ya sakramenti, niwaeleze wale wawili juu ya wajina wao. Wakati wenyewe ulifaa, maana tarehe 15 Novemba Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Albert Mkuu.

Huyo alikuwa Mdominiko wa Ujerumani, akawa askofu, akafa mwaka 1280. Alichunguza mimea, wanyama na mawe kwa bidii kubwa hata mwaka 1941 Papa Pius wa Kumi na Mbili akamweka kuwa msimamizi wa wanasayansi. Lakini mimi ninampenda kwa jambo lingine. Inasimuliwa kwamba kati ya wanafunzi wake palikuwa na kijana mnene, mkimya, ambaye wenzake walimwita ng'ombe bubu. Albert ndiye aliyemwona. Akawaambia kwamba siku moja sauti ya ng'ombe huyo itasikika dunia nzima. Kijana yule ni Thomas wa Akwino. Mwalimu aliyeweza kumtambua mtu aliyekaa kimya nyuma ya darasa, huyo ndiye somo wao.

Kisha nikawahesabia wengine. Nikawaambia kwamba Kalemie iliwahi kuitwa Albertville, na mbuga yetu ya Virunga, ilipoanzishwa mwaka 1925, iliitwa Parc Albert, yote kwa ajili ya Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji. Ziwa Albert, kule Ituri, lina jina la Albert mwingine kabisa, mume wa Malkia Victoria wa Uingereza. Alikuwa amekwisha kufa zaidi ya miaka 2 wakati Samuel Baker alipolipa ziwa jina lake mwaka 1864, na wavuvi wa pwani zake walikuwa na majina yao ya ziwa hilo tangu enzi na enzi. Jina lililobandikwa kwa nguvu hubanduka: mji ukawa Kalemie, mbuga ikawa Virunga. Sikukaa sana hapo.

Wa sayansi ni Einstein, na hapo mpiga ngoma akatabasamu, maana alimjua. Sikumficha upande mwingine. Agosti 1939 Albert Einstein alitia sahihi barua kwa Rais Roosevelt wa Marekani kumwonya juu ya bomu la aina mpya, na ndani ya barua hiyo nchi yetu inatajwa: Kongo ya Wabelgiji ndiko kuliko na chanzo muhimu kupita vyote cha urani. Ni Shinkolobwe, Katanga. Urani ya udongo wetu ilikwenda, na tarehe 6 Agosti 1945, siku ya sikukuu ya Kugeuka Sura kwa Bwana, Hiroshima ikaungua. Einstein hakulitengeneza bomu lile, na baadaye aliijutia ile sahihi. Huwa naliomba Kanisa lote la Kongo tarehe hiyo liwakumbuke watu wa Japani. Tulichimbuliwa mawe yetu bila kuulizwa, lakini kuwaombea hakuna anayetuzuia.

Akafuata Albert Luthuli wa Afrika Kusini, mwami, yaani chifu, wa Wazulu kule Groutville na mhubiri katika kanisa lake la Kiprotestanti. Mwaka 1952 serikali ya ubaguzi ilimwambia achague: ama umwami, ama kazi yake katika chama cha kudai haki za Waafrika. Akakataa kuiacha kazi hiyo, akavuliwa umwami, naye akaandika kwamba njia ya uhuru inapitia msalabani. Ndiye Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani, ile ya mwaka 1960. Jina alilolipenda zaidi lilikuwa la Kizulu, Mvumbi, maana yake mvua isiyokoma. Watoto walicheka, wakatazama juu kwenye mabati.

Aliyefuata alinigusa mimi mwenyewe. Joseph-Albert Malula, Askofu Mkuu wa Kinshasa, kardinali wa kwanza wa nchi yetu tangu 1969. Walio na umri wangu wanaukumbuka mwaka 1972, majina ya ubatizo yalipokatazwa. Rais mwenyewe aliacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko, na padri aliyembatiza mtoto kwa jina la kigeni alitishiwa gereza. Malula hakuwa mtu wa kutukuza mambo ya Kizungu, hata kidogo. Ni yeye aliyehangaikia misa yenye sala, ngoma na mwendo wa watu wetu, mpaka Roma ikaikubali mwaka 1988. Lakini serikali ilipotaka kuingia mpaka ndani ya seminari na ndani ya ubatizo, alisema hapana. Akanyang'anywa makao yake, akakaa Roma miezi kadhaa mbali na kundi lake. Mimi nilibatizwa miaka ile. Kwenye karatasi za shule jina langu la ubatizo halikuwepo. Nililisikia jioni tu, wakati wa sala, mama akiwa amekwisha kufunga dirisha. Alilitamka taratibu, kama anayenipa kitu mkononi gizani. Labda ndiyo sababu nilishindwa kulala baada ya kumwona mtoto akiketi chini kwa kudhani jina lake si lake.

Nikamweka wa mwisho yule aliye wa karibu. Padri Albert Joubert alizaliwa mwaka 1908 upande wa Moba, kwenye Ziwa Tanganyika, baba Mfaransa, mama Mkongomani. Baba yake ndiye Kapteni Joubert, aliyekuwa askari wa Papa, kisha akaja kukaa na wamisionari kuwalinda watu dhidi ya wafanyabiashara ya watumwa. Mwana hakushika bunduki. Akawa padri, na mwaka 1964, wakati wa maasi ya Simba, alikuwa parokiani Fizi, si mbali na sisi. Tarehe 28 Novemba, waasi waliwaua kwanza huko Baraka wamisionari wawili Waitalia, Bruda Vittorio Faccin na Padri Luigi Carrara. Jioni wakafika Fizi wakabisha hodi. Padri Giovanni Didoné akafungua mlango, akapigwa risasi, na Albert aliyekuwa pale pamoja naye akauawa vilevile.

Alikuwa na miaka 56. Hakuna mji wala ziwa lililopewa jina lake. Nje ya Fizi na Uvira, waliomjua walikuwa wachache. Lakini tarehe 18 Agosti 2024 huko Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo akiongoza misa, wote wanne walitangazwa wenye heri, na jina Albert likasomwa mbele ya umati uliotoka milima yote ya Kivu. Ndugu wa shirika letu waliofika huko walirudi na sauti zimekauka kwa kuimba.

Nilipomaliza, mpiga ngoma akauliza swali ambalo mtoto yeyote angeuliza: "Kati yao, mkubwa ni nani?" Mitume nao waliuliza hivyohivyo njiani. Sikumjibu. Nilimpa Biblia nikamwambia asome Luka 6, kuanzia mstari wa 14, majina ya wale kumi na wawili. Akasoma. Nikamwambia arudie, safari hii ahesabu wajina. Simoni wawili. Yakobo wawili. Yuda wawili. Nusu ya Mitume walikuwa na ndoyi mezani! Bwana angeweza kuchagua kumi na wawili wenye majina mbalimbali asipate taabu ya kuwatofautisha. Hakufanya hivyo.

Fikirini hasa juu ya yule Yuda wa pili. Katika Yohana 14:22 anamuuliza Bwana swali zuri kabisa usiku ule wa mwisho, na mwinjili anaona lazima aongeze: "siye Iskariote". Maskini Yuda! Maisha yote kubeba jina ambalo watu wakilisikia wanamwaza mwingine. Kwetu hapa wapo pia walio hivyo. Kuna mwenye jina la kaka aliyekufa, anayeambiwa kila siku jinsi yule alivyokuwa na akili. Kuna anayebeba jina la mtu aliyeutenda mji huu maovu. Na kuna mtoto aliyeketi chini kwa sababu aliyesimama mbele yake ni mrefu na anapiga ngoma. Yuda siye Iskariote aliuliza, na Yesu akamjibu yeye. Hakumchanganya na aliyekuwa ametoka nje gizani.

Tena, Bwana mwenyewe hakuja na jina lake peke yake. Yesu ni Yoshua, jina la kawaida kwa Wayahudi wa siku zake. Paulo anamtaja msaidizi wake "Yesu aitwaye Yusto" katika Wakolosai 4:11, na huko Pafo alikutana na mchawi aitwaye Bar-Yesu, yaani mwana wa Yesu. Huko Nazareti, mama akiita jina hilo mlangoni jioni, yawezekana watoto zaidi ya mmoja waligeuza shingo. Mwana wa Mungu alikubali kuwa mmoja kati ya wengi walioitika jina lilelile. Mimi jambo hili linanipigisha magoti kuliko miujiza mingi.

Na asubuhi ya Pasaka, kwa nini alianza na Mariamu? Msalabani walisimama Mariamu watatu, Yohana anawataja: mama yake, Mariamu wa Klopa na Mariamu Magdalene. Pale bustanini hakusema Magdalene, wala hakutaja kijiji wala ukoo. Alisema tu "Mariamu", jina walilokuwa nalo wanawake wengi kuliko jina lingine lolote, naye akageuka na kusema "Raboni". Alijua kwamba ni yeye anayeitwa, kwa sababu aliijua sauti. Ndivyo Bwana alivyokuwa amesema juu ya mchungaji: huwaita kondoo wake kwa majina yao.

Mji wetu umezoea majina kusomwa kwenye orodha. Orodha ya shule, orodha ya msaada, orodha ya wafu. Mara ngapi tumesikia jina letu likisomwa, kumbe ni la mwingine, tukarudi nyumbani mikono mitupu. Isaya 43 haisomwi hivyo: "Usiogope, maana nimekukomboa, nimekuita kwa jina lako, wewe u wangu."

Juma hili, kwa kuwa ni mwezi wa kuwaombea marehemu, naomba katika kila nyumba ya shirika letu kila mtu amwombee marehemu mmoja mwenye jina kama lake, awe wa ukoo, awe jirani, au hata mtu ambaye mlikosana naye. Tarehe 28 tutakutana saa kumi na moja jioni kwa rozari, tumkumbuke Mwenyeheri Albert Joubert na wenzake watatu. Mama atakayeweza alete mshumaa, umeme tunaujua.

Watoto wote wawili watabatizwa mkesha wa Noeli. Jumatano, baada ya wenzake kutoka, mdogo alibaki akaniuliza kama nitamwandika pamoja na mkubwa, mahali pamoja, kwa kuwa jina ni moja. Nikalifungua kaye, daftari la majina, mbele yake. Mkubwa yuko namba 1. Nikashuka na biki mpaka mstari uliokuwa wazi, nikaandika jina lake lote, la ubatizo na la ukoo, akitazama kila herufi. Akaweka kidole juu ya namba 23. "Hapa ni mimi," akasema.