Nilivyoupanga Mshahara Wangu wa Kwanza Arusha

Wadogo zangu mnaovua majoho mwaka huu, nawaandikia kuhusu hela. Maneno ya kujiamini na kutokata tamaa mmeshayasikia kwa mgeni rasmi. Mimi nataka kuwaeleza nilivyoupanga mshahara wangu wa kwanza, kwa sababu huo ndio uliobeba mengine yote: pa kulala, amani na wazazi, hata ujasiri wa kuuliza maswali kazini.

Nilimaliza Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, nikakaa nyumbani Kibosho nikituma maombi, mpaka mama mdogo aliponiita kwake Sakina, Arusha. Kazi yenyewe ilitokea kwa mtu wa jumuiya yake aliyesikia kwamba kampuni moja ya utalii inatafuta mhasibu msaidizi. Barua ikaandikwa laki sita kwa mwezi.

Jioni ile mama mdogo alifuta meza, akaniwekea kaunta buku na kalamu. "Haya mwanangu, wewe si ndiye mhasibu? Nionyeshe utashika ngapi mkononi." Nikaanza kukata. NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, ni 10% kutoka kwangu, yaani 60,000. Mwajiri anaongeza 10% yake, ambayo haiguswi kwenye mshahara wangu. Inabaki 540,000, na hiyo ndiyo inayotozwa kodi. 270,000 za mwanzo hazitozwi kitu. Kuanzia hapo hadi 520,000 ni 8%, sawa na 20,000. Zile 20,000 za juu yake zinatozwa 20%, sawa na 4,000. Jumla ya kodi 24,000. Halafu Bodi ya Mikopo, kwa ajili ya mkopo wa chuo, 15% ya mshahara wa msingi, siyo ya kilichobaki: 90,000. Nikapiga mstari, nikaandika 426,000.

Mama mdogo akaizungushia duara kwa kalamu nyekundu. "Huu ndio mshahara wako. Ile laki sita ni ya kwenye barua."

Fanyeni hesabu hii kabla ya kusaini, na kabla hamjaahidi mtu chochote. Nimewaona wenzangu wakipanga maisha ya laki sita kwa hela ya laki nne, na mwezi wa pili tu wameshaanza kukopa kwenye simu.

Swali nililouliza kwenye usaili, na ambalo kila anayeingia kazi za utalii Arusha angepaswa kuuliza, ni hili: Aprili na Mei mnalipaje? Masika wageni hupungua sana, na ziko ofisi zinazowapumzisha watu bila malipo. Niliambiwa miezi hiyo miwili tunalipwa nusu. Nikaomba iandikwe kwenye mkataba, wakaandika. Nusu maana yake 300,000: NSSF 30,000, Bodi 45,000, na kodi hakuna, kwa kuwa inayobaki baada ya NSSF ni 270,000 kamili. Mkononi 225,000. Kwa hiyo masika ingenipungukia 201,000 kila mwezi, jumla 402,000. Nilianza kazi Juni, nikawa na miezi kumi ya kulijaza pengo hilo. Nikafungua akaunti ya pembeni, kila mshahara ukiingia naweka 40,000 na kidogo. Hela ya masika haikuguswa hata siku niliyotamani sana kuigusa.

Kwa mama mdogo nilikaa karibu nusu mwaka, kwa makubaliano. Nilinunua mchele, mafuta na gesi, naye hakunidai kodi. Muda huo nikawa natenga 70,000 kila mwezi, kwa sababu chumba nilichokiona mtaa wa Kwa Mrombo kilikuwa 60,000 kwa mwezi na mwenye nyumba alitaka miezi sita, na dalali naye kodi ya mwezi mmoja. Siku nalipa nilikuwa nayo yote, sikumpigia mtu simu. Chumba cha kawaida, choo cha nje, luku tunachangia wapangaji wanne. Kilinitosha. Msione aibu kukaa kwa ndugu ilimradi mkono wako unaonekana jikoni, na useme mapema unaondoka lini.

Kwa wazazi ndiko nilikojiandaa zaidi. Mzazi aliyeuza ndizi na kahawa akusomeshe ana haki ya kutarajia kitu, naye hajui makato. Mshahara wa kwanza ulipotoka nilipanda gari la Moshi Jumamosi, nikiwa na karatasi ya mshahara mfukoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Habari za kazi?"

Nikaitandaza karatasi mezani, nikawasomea mstari kwa mstari. Baba alipofika kwenye Bodi akashtuka. "Na hili deni linazaa kila mwaka?" Nikamweleza kwamba ile tozo ya 6% kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa 2021, kwa hiyo kila shilingi inayokatwa inapunguza deni lenyewe. Akatikisa kichwa polepole, akamtazama mama. Nikasema naweza kuleta 50,000 kila mwezi bila kukosa, na kwamba natenga nyingine ya Desemba, tukirudi wote nyumbani "kuhesabiwa", kama tunavyotaniwa Wachaga, nisije mikono mitupu. Mama akasema, "Lete hiyo hiyo, mwanangu. Ya uhakika inanisaidia kupanga." Tangu siku hiyo hakuna aliyenipigia kunidai kile nisichokuwa nacho. Wazazi wengi wangeelewa wakionyeshwa karatasi. Wanachoumizwa nacho ni kukisia.

Michango ya harusi sitaisema sana. Ukishaajiriwa unaingizwa kwenye makundi ya kamati hata ya watu mliosoma nao muhula mmoja. Nilitenga 20,000 kwa mwezi. Ikiisha, nampigia mhusika mwenyewe, namwambia kwa upole nitakuja kumsaidia kwa mikono. Nimepika na kuosha vyombo kwenye sendofu kadhaa, na heshima yangu iko palepale.

Kingine, kila baada ya miezi michache naomba taarifa ya michango yangu NSSF. Makato kuonekana kwenye karatasi ya mshahara si sawa na hela kufika. Rafiki yangu aligundua mwajiri wake anakata na hapeleki, na kwa kuwa aliwahi, alifuatilia mpaka ikalipwa.

Aprili ilipofika mvua zikaanza, ofisi ikawa kimya. Nilijilipa 201,000 kutoka kwenye akaunti ya pembeni, nikatuma 50,000 Kibosho kama kawaida. Mchana kazi zilikuwa chache na jioni nilikuwa huru, nikazitumia kusomea mitihani ya Mei ya NBAA, bodi ya wahasibu.