Kukifungua kibubu cha Tammany bila kuigusa rangi yake

Kibubu cha Tammany, cha Marekani ya karne ya 19, hakina springi, na hilo ni la kujua kabla ya kushika bisibisi. Ni bwana mnene aliyeketi kitini, wa chuma cha kumimina, kimo chake karibu sentimita 15. Unamwekea sarafu kiganjani; uzito wake unaupeleka mkono kwenye mfuko wa koti, sarafu inateleza ndani, naye anainamisha kichwa kama anayeshukuru. Mkono ukishapoteza mzigo unarudi wenyewe, kwa sababu kwa ndani kuna uzito unaouvuta. Kazi yote ni mizani. Kwa hiyo kikigoma, mara nyingi kuna kitu kimeongezwa pasipofaa: rangi, uchafu, mafuta yaliyoganda au skrubu isiyo yake. Fundi anayekimbilia kuweka springi au kuukaza mkono anaharibu.

Kilitengenezwa na J. & E. Stevens , kiwanda cha Cromwell, Connecticut, kwa hataza (haki za uvumbuzi) za John Hall za tarehe 23 Desemba 1873 na 8 Juni 1875. Hall ndiye aliyeanzisha aina hii yote ya vibubu vya chuma vyenye mwendo kwa kibubu chake cha Excelsior cha 1869. Jina Tammany linatoka kwenye chama cha wanasiasa wa New York kilichopora hazina ya jiji chini ya William Tweed, aliyetiwa hatiani Novemba 1873, mwezi mmoja tu kabla ya hataza ya kwanza. Mtoto wa wakati ule alijifunza kuweka akiba kwa kumpa mwanasiasa pesa na kumwona akizitia mfukoni. Msomaji anayejua maana ya "kitu kidogo" hahitaji maelezo zaidi, na kwangu hiyo ndiyo sababu ya kukipenda kuliko vingine. Viko vingi vya miaka hiyo vilivyotengenezwa kuwadhihaki watu weusi. Hivyo sivinunui hata viuzwe kwa bei ya kutupa. Mahali pake ni makumbusho, penye maelezo ya ukweli kando yake.

Kwa kuwa nilinunua kwa picha, niliomba picha nne kabla ya kulipa: kitako kikiwa kimewekwa juu ya rula, ndani kwa kupitia tundu la kutolea pesa, vichwa vya skrubu kwa karibu, na maandishi ya ubavuni mwa kiti. Juu ya hizo, video fupi ya mkono ukiwa na sarafu. Muuzaji anayekataa kupiga picha ya kitako, mimi naachana naye.

Rula ina sababu yake. Anayeghushi hutumia kibubu cha kweli kama kielelezo: anakikandamiza kwenye mchanga, kisha anamimina chuma. Chuma cha aina hii kikipoa hupungua karibu asilimia 1, yaani milimita 10 kwa kila mita. Kitako cha milimita 100 kinatoka na 99. Jicho halioni tofauti hiyo, lakini kalipa, kipimo cha taya mbili, inaiona, na karatasi yenye mchoro wa kitako halisi inaionyesha hata bila kalipa. Wakusanyaji wa Marekani wamechora vitako hivyo kwa miaka mingi kwa ajili ya jambo hili hili, na chama chao, Mechanical Bank Collectors of America, kipo tangu 1958. Pima sehemu tatu tofauti. Kipimo kimoja kikiwa pungufu, huenda mtu alikikata kwa tupa. Vyote vitatu vikipungua kwa kiwango kilekile, hiyo ni nakala.

Baada ya vipimo, tazama ngozi ya chuma. Stevens walitumia mchanga laini sana, na vipande vilisawazishwa kwa tupa mpaka viungo vikakaribia kugusana. Nakala hukwaruza kidole, herufi zake zina kingo za mviringo, na viungo vyake vinaacha mwanya wa kupitisha kucha. Kutu ya zamani ni ya kahawia iliyoiva, karibu na nyeusi. Ya machungwa inayobaki kidoleni ni ya juzi, au imeletwa kwa maji ya chumvi. Skrubu yenye msalaba kichwani haikuwepo karne ya 19, ilienea kuanzia miaka ya 1930. Peke yake haithibitishi kwamba kibubu ni bandia, kwa maana inaweza kuwa imebadilishwa, ila inathibitisha kwamba kimewahi kufunguliwa.

Rangi ndiyo ngumu. Inapaswa kuwa imelika pale mikono ya watoto ilipopita: kiganja, ukingo wa mfuko, kingo za kiti, na chini kinapokalia meza. Ikiwa imelika mahali pasipoguswa, kama kwenye mkunjo wa kwapa, kuna mtu aliyeisugua makusudi. Taa ya urujuanimno (UV) gizani husaidia, kwa kuwa rangi za kisasa mara nyingi hung'aa tofauti na rangi iliyo kando yake. Usijaribu rangi kwa pini wala kwa spiriti. Kibubu chenye rangi asilia, hata iliyobanduka, kinathaminiwa kuliko kilichopakwa upya, na ukishaipaka hakuna kurudi.

Sasa mkono uliogoma. Changu kilikuja mkono umesimama katikati, hauendi mfukoni wala haurudi.

Chuma hiki kina kaboni ya asilimia 2 hadi 4, hivyo hakipindi, kinavunjika. Usiusukume mkono hata kidogo. Nilikilaza juu ya taulo iliyokunjwa mara nne, nikamulika kwenye mhimili kwa kioo cha kukuzia. Mara moja nikaona mambo mawili: tabaka la rangi ya baadaye lililouziba mhimili kama gundi, na mafuta ya zamani yaliyogeuka utomvu na kukusanya vumbi.

Skrubu inayobana vipande ilikuwa na kutu. Bisibisi lazima ijaze mfereji wote wa kichwa, kwa urefu na unene. Yangu niliinoa kwa tupa mpaka ikakaa bila kucheza. Kwa ncha ya kijiti cha meno niliweka tone moja la mafuta ya kulegeza kutu pale skrubu inapoingia, nikafuta yaliyomwagika palepale, kwa maana mafuta hayo hulainisha rangi ya zamani. Saa 24, tone lingine, saa 24, tone la tatu. Siku ya tatu ililegea kwa nguvu ya vidole viwili. Ingekataa, ningeendelea kusubiri. Kuipasha moto ni njia ya mkato, na moto huchoma rangi iliyo pembeni. Skrubu yenyewe niliirudisha ileile, kwa sababu uzi wake haulingani na skrubu za dukani, na ukilazimisha mpya utapasua chuma.

Kabla ya kutenganisha chochote nilipiga picha kila upande. Uzito wa ndani na mahali mkono unaposhikana na kichwa vinaweza kurudishwa kinyume, halafu utashangaa kwa nini bwana hainamishi kichwa.

Utomvu niliutoa kwa pamba iliyozungushwa kwenye kijiti, ikiwa imeguswa kidogo na spiriti nyeupe (ile ya kuzimulia rangi ya mafuta), ndani ya tundu la mhimili peke yake. Rangi iliyoziba niliichokoa kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa, si kwa chuma. Huku kwetu Mombasa sinia na mabirika ya shaba tunayasugua kwa ndimu au ukwaju na majivu. Kwenye kibubu hiki asidi hiyo inaondoa rangi pamoja na ile ngozi ya kahawia inayokilinda, na kesho yake kutu mpya inaanza. Nje nilipita na pamba yenye maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, pamoja na sabuni isiyo kali, baada ya kujaribu kwanza sehemu ya ukubwa wa choroko chini ya kiti. Pamba ikitoka na rangi, acha. Ikitoka na uchafu tu, endelea kipande kwa kipande, ukikausha kila mara.

Mhimili sikuutia mafuta. Mafuta ndiyo yaliyoukwamisha mara ya kwanza. Niliusugua kwa penseli laini ya 6B mpaka ukawa mweusi unaoteleza, nikapuliza unga uliobaki.

Jaribio la mwisho ni sarafu, na hapa watu wengi hukilaumu kibubu bila kosa. Senti 1 ya Marekani ya shaba, kuanzia 1864, ilikuwa na gramu 3.11. Kuanzia 1982 hadi 2025 ilitengenezwa kwa zinki iliyofunikwa shaba, ikiwa na gramu 2.5, karibu moja ya tano pungufu. Mkono uliosawazishwa kwa sarafu ya zamani unaweza kusita kwa hii mpya ingawa hauna ugonjwa wowote. Nilianza na senti 5, yenye gramu 5: mkono ulikwenda na kurudi. Kisha senti ya shaba: ulikwenda polepole, kichwa kikainama, ukarudi. Nikasimama hapo. Kuendelea kupunguza msuguano ili ukubali gramu 2.5 kungemaanisha kukwangua chuma chenyewe.

Skrubu kaza mpaka inapogusa, halafu robo ya mzunguko, basi. Ukipitiliza, ule ukimya wa chuma kabla ya kupasuka hautakupa onyo.

Kwa pwani, adui anayebaki ni hewa ya chumvi. Nilipaka nta laini ya makumbusho, nyembamba kiasi kwamba haionekani, kwenye sehemu za chuma zilizo wazi tu. Kibubu kinakaa ndani ya kasha la kioo lenye mfuniko wa kubana, pamoja na gramu 200 za silika jeli, chembe zinazonyonya unyevu, na kipimo kidogo cha unyevu. Nataka kisipande juu ya asilimia 50. Wakati wa masika silika inashiba ndani ya wiki tatu hivi, nami naikausha kwenye ovena kwa nyuzi 120 kwa saa mbili, kisha naisubiri ipoe kabisa kabla ya kuirudisha.