Danio wa mistari: mzao wa tatu, msimu wa Kusi

Safari hii tangi la kutagia halina kipasha joto. Kusi ikivuma, maji hukaa nyuzi 26 hadi 27 chumbani bila stima yoyote, na samaki danio (Danio rerio) hutaga vizuri hapo. Kaskazi ni balaa: maji hupita nyuzi 30, oksijeni hupungua na kuvu hushika mayai upesi.

Maji ya visima vya kisiwani Mombasa yana munyu na chokaa kwa sababu ya bahari na mwamba wa matumbawe. Tunachanganya nusu kwa nusu: maji ya mfereji yaliyolala siku mbili kwenye ndoo wazi ili klorini itoke, na maji ya mvua. Mvua ya kwanza haikingwi, hiyo ni ya kuosha kinyesi cha kunguru batini.

Siku ya 0, jioni. Tangi la lita 10, kina sentimita 12. Wavu wa plastiki wenye matundu ya milimita 3 umelazwa sentimita 3 juu ya sakafu. Mzao wa kwanza ulitumia chandarua cha mbu. Mayai yana upana wa karibu milimita 1, mengi yakakwama juu na wazazi wakayamaliza. Asiye na wavu atandike safu mbili za gololi. Wameingia majike wawili na madume watatu, waliotengwa wiki nzima wakila viluwiluwi vya mbu.

Siku ya 1. Wametaga kulipopambazuka. Saa mbili wazazi nje. Mayai hayanati, ni maangavu; yaliyogeuka meupe yametolewa moja moja kwa bomba la sindano kabla kuvu haijaambukiza mengine.

Siku ya 3 wameanguliwa. Wananing'inia kiooni, wanaishi kwa kiini. Hakuna kulisha.

Siku ya 5. Hapa ndipo mzao wa pili ulipokufa. Kifaranga lazima apande juu ameze hewa ijaze kibofu chake cha kuelea; utando wa mafuta ukiwapo hashiki hewa, na huishia kurukaruka sakafuni. Tandaza karatasi ya tishu juu ya maji, ivute, rudia mpaka uso ung'ae. Kosa jingine lilikuwa chakula: infusoria (vijidudu vya majini vya kulisha vifaranga) ilianzishwa mayai yalipoanguliwa, ikachelewa. Sasa huanza siku wazazi wanapoingia tangini: chupa ya lita 1, maji ya tangi la zamani, kipande cha ganda la ndizi ukubwa wa kidole gumba, dirishani. Kwanza hunuka na kuwa na ukungu mweupe. Hao ni bakteria, usilishe. Maji yakianza kutakata na vidoto vikionekana vinaogelea ukimulika tochi, tayari. Mililita 20 mara tatu kwa siku. Kiini cha yai la kuku kiache; kwa joto letu maji huoza kabla ya adhuhuri.

Siku ya 10. Vinywa vinatosha atemia, yaani vijikamba vidogo vya maji ya chumvi vinavyoanguliwa nyumbani. Maji ya kuangulia ni ya bahari, yaliyotekwa Nyali wakati wa kujaa, si ya hori la Tudor. Lita 1, nusu kijiko cha chai cha mayai, hewa kwa nguvu, saa 24. Zima hewa dakika 10: maganda huelea, watoto hufuata taa chini. Wachuje kwa leso kuukuu, uwasuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Siku ya 14. Matumbo ya rangi ya machungwa, yaani wanakula. Kila siku asilimia 10 ya maji hubadilishwa kwa neli ya pampu ya hewa iliyofungwa sponji mdomoni. Wakifika sentimita 1 watahamia tangi la lita 60.