Siku Moja Maishani Mwangu: Kuchora Ngano za Nyanda za Juu Kusini

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Mwezi Juni jijini Mbeya humpangia mchoraji ratiba bila kumuuliza. Jiji liko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na alfajiri kama hii, kabla jua halijachomoza upande wa Uyole, chumba changu cha kazi huwa na ubaridi usioudhi mwili tu bali unaodhuru hata rangi. Akriliki, ambayo ndiyo ninayoitumia zaidi, ni chembe ndogo sana za plastiki zinazoelea ndani ya maji. Maji yakikauka, chembe hizo hushikana zikawa utando mmoja, lakini joto likishuka chini ya nyuzi 10 hivi hazishikani ipasavyo, na picha hubaki na ungaunga juu yake au hupasuka baadaye. Kwa hiyo saa za mwanzo ni za penseli, na brashi hazishikwi mpaka jua lifike dirishani.

Ninachora picha za vitabu, majalada na kalenda. Wanaozipenda husema zina rangi nyingi na mambo yasiyowezekana: kinyonga aliyebeba kijiji kizima mgongoni, mama ambaye nywele zake ni mashamba ya chai ya Tukuyu, ukungu wenye miguu unaoshuka Mlima Loleza kwenda sokoni. Wasiozipenda husema hivyohivyo.

Saa kumi na mbili asubuhi

Picha ya leo itachukua kurasa mbili zinazotazamana katika kitabu cha ngano za watoto, na mhusika wake ni kipunji. Msomaji wa mbali na Rungwe huenda hamjui. Ni kima mwenye manyoya marefu ya kahawia iliyochanganyika na kijivu, uso mweusi, tumbo jeupejeupe na shungi la nywele lililosimama utosini. Kwa muda mrefu Wanyakyusa walimtaja katika masimulizi yao ya msituni, ambamo wanyama wa kweli na wa kubuni hukaa pamoja bila kugombana, na watafiti waliosikia masimulizi hayo mwanzoni mwa miaka ya 2000 hawakujua kama yeye ni wa kweli au wa kubuni. Mwaka 2003 timu iliyoongozwa na Tim Davenport ikamwona kwenye miteremko ya Mlima Rungwe. Mwaka uliofuata timu nyingine, iliyokuwa ikifanya kazi zake pasipo kujua habari za ile ya kwanza, ikamkuta katika msitu wa Ndundulu kwenye safu ya Udzungwa. Alitangazwa kisayansi mwaka 2005, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu mwaka 1923.

Habari hiyo ndiyo inayonifanya nisikubali picha zangu ziitwe ndoto. Mnyama aliyekuwa akiishi ndani ya hadithi alikuwa akiishi pia juu ya miti, na waliomsimulia walikuwa wameshamtazama vizuri kuliko sisi tuliokuwa tunajiona wasomi. Ngano nyingi za huku kwetu zilianza kwa mtu aliyeangalia kitu kwa makini, akakiona kinamzidi maelezo. Nikichora jambo lisilowezekana bila kwanza kukiangalia kitu chenyewe, ninachobaki nacho ni pambo.

Kwa hiyo nina kanuni ninayoishikilia kwa ukaidi: katika picha moja ajabu ni moja tu, na vitu vingine vyote viwe sahihi kiasi kwamba mtu wa Rungwe asiweze kubisha. Ajabu ya leo ni manyoya. Kuanzia mabegani, manyoya ya kipunji yanageuka taratibu kuwa zile ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye matawi ya misitu yenye ukungu, hata mtazamaji ashindwe kusema mnyama ameishia wapi na mti umeanzia wapi. Shungi, umbo la mikono na jinsi anavyoshika tawi vinabaki kama vilivyo. Saa nzima imepita kwenye shungi peke yake, kwa sababu likilala kidogo anakuwa kima mwingine, na likizidi kusimama anakuwa kichekesho.

Saa tatu asubuhi

Chai ya rangi, magimbi ya kuchemsha, na ujumbe kwenye simu. Mhariri wa kitabu, dada mmoja makini aliyeko Dar es Salaam, ameipenda rasimu ya jalada lakini anauliza kama naweza kuongeza twiga, kwa kuwa wanunuzi wengi wa kitabu watakuwa wageni. Jalada linaonyesha Kitulo. Nimemjibu kwa heshima zote kwamba katika uwanda ule wa nyasi, ambao sehemu yake kubwa iko kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, hakuna twiga, na kwamba mahali hapo hapahitaji kuazima uzuri wa Serengeti, kwani ilipotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 sababu yake kuu ilikuwa maua. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu, na kuna aina 45 hivi za okidi zinazoota ardhini.

Baada yake, mteja wa kalenda anauliza kama mimi ni "mtu wa tingatinga". Swali hili huulizwa kila mchoraji wa nchi hii anayetumia rangi kali, na silioni kama tusi. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza mwaka 1968 kuchora kwa rangi za kung'aa, zilezile za kupaka baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi, na aliaga dunia mwaka 1972, miaka minne tu baadaye. Kutoka kwake nimejifunza ujasiri wa kuweka mnyama mmoja mbele ya rangi moja tupu na kumwacha ajitegemee. Lakini nikitafuta mzee wangu katika mambo ya ajabu, namwendea George Lilanga, Mmakonde aliyefariki mwaka 2005, ambaye mashetani yake yenye masikio makubwa na matumbo ya mviringo hupika, hugombana na kucheza ngoma kama majirani wa mtaa wowote. Kuna watu husema uchoraji wa namna hii tumeupokea kwa wale wasanii wa Paris wa mwaka 1924, wasurealisti, waliochora mambo ya ndotoni. Wamakonde wa bara na nyanda zetu hawakuwa wanangoja barua kutoka Paris.

Saa nne asubuhi

Jua limefika mezani. Kazi ya kwanza ya brashi ni kijani, na hapa mwalimu wangu ni kinyonga. Misitu ya Poroto ina kinyonga mwenye pembe tatu, ambaye wanasayansi humwita Trioceros fuelleborni, na watu wengi bado humwogopa kwa sababu ya ngano zinazomhusisha na kifo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu kinyonga wa Madagaska ulionyesha kwamba ndani ya ngozi yake kuna vioo vidogo mno vya fuwele vinavyorudisha mwanga wa buluu, na juu yake kuna chembechembe za rangi ya njano, na macho yetu yanapokea kijani. Fuwele hizo zikiachana zaidi, rangi nayo inahama.

Tangu niliposoma habari hiyo niliacha kuchanganya kijani kwenye sahani. Napaka buluu kwanza, naiacha ikauke kabisa, kisha napitisha njano nyembamba iliyotiwa maji mengi, mara nyingine tabaka mbili au tatu. Kijani kinachotokea kina kina. Ukisogea karibu unaona buluu inapumua chini yake. Kazi hii ni ya polepole na haifai kwa mteja mwenye haraka, lakini msitu wa Rungwe nao haukupakwa kwa siku moja.

Chini ya mti anakokaa kipunji naweka okidi kutoka daftari nililolijaza Kitulo mwezi Februari, wakati wa mvua, maana Juni hii ukienda utakuta nyasi kavu na baridi. Nimechagua zile za jamii ya Satyrium. Ua lake lina kofia inayofunika uso, na nyuma ya kofia hiyo zinashuka mirija miwili yenye asali, kwa hiyo shina zima linaonekana kama watu waliojitanda shuka wakipanda ngazi huku kila mmoja akiburuta mikia miwili. Sikuongeza kitu hapo. Msomaji atadhani ndiyo ajabu ya picha, na atakuwa amekosea.

Mmea huuhuu ndio unaong'olewa kwa siri. Viazi vyake vya chini ya ardhi husagwa na kutengenezwa chikanda, chakula kinachopendwa sana nchini Zambia, na biashara hiyo imevuka mpaka kwa miaka mingi. Mhariri aliniuliza kama tuweke mchimbaji kwenye picha. Nilikataa, ukurasa ni wa kipunji. Nimeacha tu shimo dogo lenye udongo mbichi kwenye kona ya chini, na mtoto atakayeliona ataanza kuuliza.

Saa saba mchana

Ndizi na maharage kwa mama lishe wa jirani, kisha daladala.

Saa nane mchana

Uyole nimekuja kwa ajili ya picha inayofuata, ya Ziwa Ngosi. Bibi ninayemtembelea ni jirani wa mama yangu mdogo, alikulia upande wa Isongole, na hukubali kunisimulia kwa sharti kwamba nimsaidie kumenya maharage mabichi wakati anaongea. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu, umeleta tena makaratasi yako?"

Ngosi ni ziwa lililo ndani ya kasoko ya volkano katika milima ya Poroto, lina kina cha mita zaidi ya 70, na hakuna mto unaotoka ndani yake. Ukifika ukingoni unaliona chini kabisa, la kijani, limezungukwa na kuta za msitu, na rangi yake hubadilika kadiri mawingu yanavyopita. Kwa jinsi bibi anavyosimulia, nyoka aliye ndani ya ziwa hakuwa wa pale tangu mwanzo. Alikaa kwenye maji mengine, karibu na watu, akawa anawachukua mifugo, mpaka mganga mmoja akapasha jiwe moto hadi likawa jekundu na kulitupa majini. Maji yakachemka, naye akainuka na kuondoka pamoja na ziwa lake, akahamia juu mlimani ambako hakuna mtu wa kumsumbua.

Nilikuwa nimebeba michoro kadhaa ya kichwa cha nyoka: chenye shungi, chenye pembe, chenye uso wa mwanadamu. Nikaipanga juu ya mkeka achague. Akaitazama yote kwa utaratibu, akaendelea kumenya, kisha akauliza, "Hiki kichwa nani alikiona?"

Nikamjibu kwamba ni mawazo yangu tu.

"Basi kiache kwenye mawazo yako. Sisi tuliona maji yakihama. Kichwa hakuna aliyekiona, na aliyekiona hakurudi kusimulia."

Hakuna mhariri aliyewahi kunipa maelekezo bora kuliko hayo. Ngano ile inahusu ziwa linalosafiri: maji yameinuka kutoka kwenye shimo lake yakiwa bado na umbo la ziwa, samaki wamo ndani, mawimbi yapo juu, na chini yanadondoka matone juu ya mapaa ya nyumba na migomba wakati watu wametoka nje wakitazama juu. Nyoka hayumo popote, na kwa kutokuwamo anatisha zaidi. Nilichora rasimu palepale, bibi akaangalia na kusema migomba ile nimeichora ya Kyela, ya Isongole haiwi mirefu namna hiyo. Nikaifupisha.

Saa kumi na moja jioni

Steshenari ya Mwanjelwa, kwa ajili ya nakala ya majaribio ya kurasa nilizozikamilisha wiki hii. Hii ndiyo saa nisiyoipenda kuliko zote. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu. Mashine ya kuchapa hutumia wino wa samawati, majenta, njano na mweusi, na kuna rangi ambazo mwanga unaziweza lakini wino hauziwezi kabisa. Kijani kikali, buluu inayoelekea zambarau na rangi ya chungwa iliyoiva ndizo hufifia kwanza, na kwa bahati mbaya hizo ndizo ninazozipenda. Kijana wa pale ni mstaarabu, ananiruhusu nisimame nyuma yake na kumwomba apunguze mweusi kidogo kidogo. Kwenye nakala ya tatu kijani cha mti kikakubalika. Rangi ya machweo haikukubali, kwa hiyo nimeamua kuizungushia kijivu: rangi ya chungwa iliyopoa ikikaa katikati ya kijivu, jicho huiona ina moto kuliko ilivyo.

Saa mbili usiku

Mkataba. Wachoraji wenzangu wengi huupitia haraka ili warudi kwenye rangi, nami sioni kama hiyo ni busara. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mchoraji haki juu ya kazi yake tangu anapoiumba, lakini haki hiyo anaweza kuihamisha kwa saini moja asiyoisoma. Rasimu niliyoletewa inasema mchapishaji atamiliki "picha zote na matumizi yake yote". Nimeandika badala yake kwamba ninampa ruhusa ya kuzichapa katika kitabu hiki, kwa Kiswahili, toleo la kwanza. Kwamba kalenda, vitenge na vikombe vitajadiliwa kivyake. Na kwamba michoro halisi inabaki kwangu. Nimeongeza kifungu kimoja ambacho huenda kikamshangaza mwanasheria wao: jina la bibi liwekwe kwenye ukurasa wa shukrani kama msimulizi, na nakala tano zipelekwe Uyole.

Mhariri amejibu kabla sijazima kompyuta. Kifungu cha bibi kimekubaliwa, vitenge vitajadiliwa, na kuhusu twiga ameuliza kama anaweza kuwa mbali sana, kwa nyuma, mdogo tu.