Kumbe gitaa langu halikuwa na kosa

Jamani, leo nimecheka peke yangu sebuleni kama mwehu.

Marehemu baba aliniachia santuri ya mpiga tarumbeta wa jazi Miles Davis, Kind of Blue, toleo la zamani, jalada limetafunwa na mende pembeni. Ndiyo niliyojifunzia gitaa.

Upande wa kwanza hatukupatana hata siku moja. Nikaze nyuzi nisikaze, sauti yangu iko chini. Kiduchu tu, lakini ya kukera! Nikigeuza upande wa pili, tunakwenda sawa.

Baba: "Wewe sikio huna."

Leo mchana nimepata toleo jipya. Nikaliweka, nikasubiri "So What", wimbo wa kwanza wa upande ule wa kwanza, ichanganye, nikagonga uzi wa re.

Ukakaa.

Kumbe siku ile ya kwanza ya kurekodi, Machi 2, 1959, huko New York, mashine kuu ilizungusha utepe polepole kuliko ilivyotakiwa. Basi santuri ikipigwa, muziki unakimbia na sauti inapanda. Nyimbo za upande wa pili zilirekodiwa Aprili 22, mashine iko sawa. Kosa lilikuja kurekebishwa mwaka 1992, kwa utepe wa akiba.

Nimeugonga uzi ule labda mara kumi, na kila mara nageukia kiti chake.

Ajabu ni kwamba ile ya zamani bado naiona tamu zaidi. Ina kaharaka fulani.

Nyie je, mna santuri au kanda gani iliyowahi kuwadanganya hivi?