Tulivyolipia utafiti wa asali yetu kwa kilo tano tano

Andiko letu la kwanza lilikuwa na kurasa 22 na liliomba shilingi milioni 38. Jibu lilikuja kwa mistari miwili: hatukuchaguliwa. Mimi ndiye katibu wa kikundi, watu 31 tunaofuga nyuki katika miombo ya Sikonge, Tabora, na ndiye niliyekesha nikiliandika. Nikalipeleka kwa bwana nyuki mmoja mstaafu, yaani ofisa wa ufugaji nyuki, nikitegemea anipe pole. Akalipekua kimya, akafika kwenye bajeti, akavua miwani.

"Katibu, hapa naona pikipiki mbili, semina tatu na posho. Utafiti wenyewe uko wapi?"

Kweli haukuwepo. Tulichokuwa nacho ni ugomvi. Mnunuzi alikuwa amekataa ndoo zetu 11 kwa kuwa asali ilizidi asilimia 20 ya maji, kiwango kinachotumika kimataifa. Wazee wakailaumu mizinga ya masanduku, vijana tukailaumu ya magome. Bwana nyuki akasema hilo ndilo swali, tena la bei nafuu: pimeni maji ya kila ndoo, andikeni imetoka mzinga gani, masega yalikuwa yamezibwa kwa nta kiasi gani, ndoo ilikaa wazi muda gani. Basi.

Andiko la pili likawa kurasa sita, milioni 4 na laki 6. Mfuko wa ruzuku tuliouendea ulitaka sahihi ya taasisi ya utafiti, na hapo ndipo vikundi vingi hukwama. Sisi tuliponea kwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliyekuwa anahaha kutafuta mahali pa kukusanya takwimu. Msimamizi wake akasaini; sisi tukampa kijana kambi, ugali na mtu wa kumwongoza porini. Kilichobaki ni mchango wa kikundi, maana mfuko ulitaka kuuona nao. Nikaitisha kikao, nikapendekeza kila mwanachama atoe kilo tano.

Mzee wetu wa kambi akasimama. "Yaani nitoe asali yangu, halafu mje mniambie asali yangu ni maji?"

Watu wakacheka, mimi jasho likanitoka. Vilipita vikao vitatu. Mwishowe yeye ndiye aliyetoa wa kwanza, nadhani kwa hamu ya kutuumbua. Zikapatikana kilo 155, tukauza kwa 6,000, ikawa laki 9 na elfu 30. Kila kilo iliingia kwenye muhtasari na kila mtu akasaini mbele ya jina lake.

Fedha hizo nilizichukulia kama pambo la andiko. Kumbe ndizo zilizoubeba utafiti. Barua ya kukubaliwa ilifika Mei, fedha zikaingia Septemba. Sisi tunarina zaidi Juni na Julai, na nyuki hawajui mwaka wa fedha. Tungesubiri, tungepima ndoo tupu. Kwa hela ya asali tulinunua refraktomita ya mkononi, kifaa cha kupimia maji yaliyomo kwenye asali, tukalipa nauli, tukaingia porini. Kijana naye akatubana kuhusu HMF, kemikali inayoongezeka asali ikipata joto au ikikaa sana. Kikomo ni miligramu 40 kwa kilo, 80 kwa asali ya nchi za joto. Sampuli zikingoja Septemba chini ya bati zingetusingizia. Sampuli 12 zikapakiwa kwenye basi mapema kwenda maabara, na mnunuzi yule yule aliyekataa ndoo zetu akalipa nusu ya gharama, maana majibu hayo hata yeye aliyahitaji.

Kambini, saa tatu asubuhi. Kijana anadondosha tone la asali ya mzee kwenye kioo, anafunika, anakielekeza kifaa juani. Ukichungulia unaona buluu juu, weupe chini, na mpaka wake ndio unaosoma namba. Ilikuwa 18. Mzee akatutazama kama mtu aliyeshinda kesi. Ndoo yake ya pili: 23 na nusu. Mizinga yote miwili ya gome, imetundikwa hatua chache tu kutoka mmoja hadi mwingine. Akanyamaza, kisha akasema mwenyewe: ile ya pili aliirina jioni, baiskeli ya kubebea ikimsubiri, akakata hata masega ambayo nyuki walikuwa hawajayaziba.

Tulipima ndoo 64. Kwetu aina ya mzinga haikuleta tofauti ya maana. Masega yasiyozibwa ndiyo yaliyotuponza, na baada yake mifuniko iliyolegea, kwa sababu asali hunyonya unyevu wa hewa.

Fedha za mfuko zilipofika zililipa vipimo vilivyobaki, ripoti na ndoo zenye mifuniko ya kubana. Kilichonichosha kuliko vyote ni risiti. Bodaboda wa porini hana risiti, na mhasibu hataki hadithi. Tungeanza tangu siku ya kwanza na fomu yenye jina, safari, kiasi, namba ya simu na sahihi, nisingemaliza wiki nzima nikiwafuata watu vijiweni.

Refraktomita sasa inakaa kwa mzee. Wasio wanachama wanampelekea asali, anawatoza 500 kwa tone, anaandika kwenye daftari. Mwezi uliopita alikuwa na elfu 41. Anataka kujua kwa nini asali ya Novemba inaganda haraka, na ameniagiza nianze kuandika.